Somo: Siku moja Lisbon, na dhahabu ya Kilwa njiani

Wadau, habari za jioni. Wengi mmeniuliza pembeni namna ya kuzunguka Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kwa siku moja, nami nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza niliboronga, kwa hiyo baadhi ya haya nimeyajua kwa kuumia.

Hatua ya 1: Siku. Usiende Jumatatu. Mimi nilipandisha kilima hadi Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya sanaa ya kale, Jumatatu asubuhi, nikakuta mlango umefungwa. Nikakimbilia Belém, mtaa wa kando ya mto, na monasteri ya Jerónimos nayo imefungwa. Siku hiyo nilikula keki tu.

Hatua ya 2: Kiongozi wa asubuhi tu. Yapo matembezi ya kikundi ambayo hulipi mwanzoni, ila mwisho unampa kiongozi pesa kadiri ulivyoridhika. Neno "bure" lisikudanganye. Hicho ndicho kipato chake, usiyeyuke kwenye kona ya mwisho. Chagua anayeanzia Rossio, uwanja wa katikati ya mji, na kumalizia Alfama, mtaa wa kale wa mlimani, maana huko vichochoro vinapoteza watu. Mchana hutamhitaji.

Hatua ya 3: Rossio hadi mtoni. Pembeni ya Rossio kuna kiwanja kinaitwa Largo de São Domingos. Utawakuta Waafrika wenzako, wengi wa Guinea-Bissau, wanapiga soga, na akina mama wanauza kola. Watu weusi wamekuwa wakikutana hapo kwa karne nyingi. Hatua chache tu kutoka walipoketi kuna jiwe lenye nyota ya Daudi: ukumbusho wa Wayahudi waliolazimishwa Ukristo kisha wakachinjwa mjini humu Aprili 1506. Shika mwaka huo, tutaurudia. Ingia na kanisa la São Domingos, hapo hapo. Liliungua 1959, na nguzo zilizobanjuka kwa moto wameziacha hivyo hivyo.

Ukishuka Baixa, mtaa wa bondeni kuelekea mtoni, mitaa inanyooka ghafla kama imepigwa rula. Sababu ni tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote: tetemeko likapiga watu wakiwa kanisani, mishumaa ikawasha mji, na mawimbi yakapanda kutoka mtoni. Waziri wa mfalme, anayejulikana kama Marquês de Pombal, akajenga upya. Ndani ya kuta waliweka fremu ya mbao iliyofungwa mshazari, wanaiita *gaiola*, yaani tundu la ndege, ili nyumba iyumbe isianguke. Aliyekulia kwenye nyumba ya fito na udongo haelezwi mara mbili.

Mwisho ni Praça do Comércio. Wenyeji bado wanapaita Terreiro do Paço, uwanja wa ikulu, ingawa ikulu yenyewe ilikwenda na tetemeko. Ofisi iliyosimamia biashara ya Bahari ya Hindi, Casa da Índia, ilikuwa papo hapo.

Hatua ya 4: Alfama. Hapa tetemeko halikuharibu sana, ndiyo maana vichochoro vimebaki vya zamani. Kabla ya 1147 mji ulikuwa wa Waislamu, na jina Alfama ni Kiarabu, ndugu wa neno letu *hamamu*. Hata vigae vya rangi ukutani, *azulejo*, jina lake ni la Kiarabu. Tazama mto kutoka Santa Luzia na Portas do Sol, muage kiongozi, tafuta chakula.

Viatu viwe vya soli ya mpira. Mawe yale meupe ya barabarani yamesuguliwa na nyayo hadi yanang'aa, na mvua ikigusa yanateleza kama sabuni. Tramu namba 28 ni nzuri kuitazama. Kuipanda saa za watalii ni kusimama kifua kwa kifua na wachomoaji.

Hatua ya 5: Dhahabu. Hii ndiyo sababu yangu ya kuandika somo. Panda basi 714 kutoka Praça da Figueira, shuka Rua das Janelas Verdes, ingia Museu Nacional de Arte Antiga, uulizie Custódia de Belém.

Ni chombo cha kanisani cha kuonyeshea ekaristi, urefu wake kama sentimita 73, dhahabu na rangi za kuchomwa. Kinasadikiwa kuwa kazi ya sonara Gil Vicente. Juu ni kama mnara wa kanisa uliofumwa kwa uzi. Katikati mitume kumi na wawili wamepiga magoti. Chini kuna ndege, maua na konokono wadogo, kila mmoja na rangi yake. Watu wengi hukodoa macho juu. Wewe inama. Kwenye ukingo wa tako kuna maandishi, na lazima uzunguke kioo ili uyasome yote: mfalme Manuel I aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya ushuru wa QILVA, kikakamilika 1506, mwaka ule ule wa mauaji ya Wayahudi.

Qilva ni Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama, safari yake ya pili, alielekeza mizinga mjini na kumlazimisha Amir Ibrahim kulipa dhahabu kila mwaka. Dhahabu hiyo ilifika Kilwa kwa biashara ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, kutoka bara ya Zimbabwe. Miaka mitatu baadaye, 1505, Wareno walirudi na Francisco de Almeida, wakapora Kilwa na Mombasa. Nilisimama pale nikasahau hata kuvua begi. Kiongozi wetu wa asubuhi alikuwa ametaja "pwani ya Afrika" mara moja tu, kwa pumzi moja.

Hatua ya 6: Belém. Basi lile lile linaendelea. Jerónimos ilijengwa kwa sehemu ya ishirini ya biashara ya Afrika na Mashariki, na kaburi la da Gama limo kanisani. Nilipokwenda, kanisani niliingia bila kulipa. Ua wa watawa ndio una tiketi. Torre de Belém unaweza kuiona kwa nje. Mnara wa mabaharia kando ya mto ni wa 1960, enzi za udikteta, na unajisifu kweli kweli. Malizia na keki za maziwa na mayai kwenye duka linalozioka tangu 1837, zikiwa moto, na mdalasini juu.

MASWALI

Mdau wa Tanga: Mkuu, asante kwa somo. Chakula halali na mahali pa kuswali?
Jibu: Nenda Martim Moniz na mtaa wa Mouraria, Wabangladeshi wamejaa na migahawa yao. Msikiti mkuu uko karibu na Praça de Espanha. Keki za Belém uliza kwanza mafuta waliyotumia.

Mdau wa Mombasa: Nampeleka mama, magoti yanamsumbua. Hiyo Alfama ataiweza?
Jibu: Mpe mama shikamoo yangu. Mpandishe kwa bajaji. Naam, zimejaa Lisbon, wanaziita *tuk-tuk*. Patana bei kabla hajakaa. Baixa na Belém ni tambarare, atatembea mwenyewe polepole.

Mdau wa Dar: Kireno sijui hata neno.
Jibu: Unalijua. *Mesa* ni meza, *bandeira* ni bendera, *lenço* ni leso. Hata "Mreno" limetoka kwenye *reino*, ufalme wao. Na *igreja*, kanisa, ndilo gereza letu; pwani kanisa lao lilikuwa ndani ya ngome, na ngome zikaja kufungia watu. Matembezi yenyewe yapo ya Kiingereza kila siku.

Mdau wa Lindi: Sasa hiyo dhahabu si wairudishe?
Jibu: Ndugu yangu, nami nilijiuliza hivyo hivyo nikiwa nimeinama pale. Kwa vitu vingi vya makumbusho watu hubishana vilitoka wapi na vilichukuliwaje. Hiki kimeandikwa ubavuni na aliyekichukua.

Huyo huyo wa Lindi: Basi Kilwa kwenyewe nianzie wapi?
Jibu: Kilwa Masoko. Chukua kibali hapo kabla ya mashua. Ukivuka, jengo la kwanza utakaloliona ufukweni ni Gereza: Wareno walijenga ngome hapo 1505, Waomani wakaja kuijenga upya. Ondoka asubuhi, jua la kisiwani halina mchezo, na maji ya kunywa uyabebe.