Jinsi ya Kupunguza Teke la Gobore kwa Mlengaji na Mwindaji

Anayetumia bunduki ya risasi za kiwandani hununua teke, yaani msukumo wa bunduki kurudi begani, lililokwisha kupimwa na wengine, lakini mwenye gobore hulipima mwenyewe kila anapomimina baruti mdomoni mwa mtutu. Ndiyo maana magobore mawili yanayofanana yanaweza kupiga tofauti kabisa, moja likamwacha mwenyewe akitabasamu na jingine likamwacha na bega jeusi kwa wiki nzima. Kwa maoni yangu, malalamiko mengi kuhusu teke la gobore hayatokani na bunduki bali na mkono unaoishindilia, na hapo ndipo pa kuanzia kabla ya kununua kifaa chochote.

Yanayofuata yanamhusu mwenye gobore lililotengenezwa na fundi anayetambulika, lililosajiliwa na kumilikiwa kwa mujibu wa Sheria ya Tanzania ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na ambaye, akitaka kuwinda, ana kibali kinachotakiwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Gobore lililoundwa kwa bomba la maji halipunguzwi teke. Hilo hupasuka, na dawa yake ni kulisalimisha polisi.

Teke linatokana na kanuni ya tatu ya Newton: kinachosukumwa mbele hurudisha msukumo ulio sawa nyuma. Chukua gobore lenye uzito wa kilo 4 na goroli, yaani risasi ya duara ya madini ya risasi, ya kaliba 50, yaani milimita 12.7 hivi, yenye gramu 11.5. Goroli hiyo ikitoka kwa mwendo wa mita 500 kwa sekunde, gobore hurudi nyuma kwa mwendo wa takribani mita 1.4 kwa sekunde, likiwa na nishati ya jouli 4 hivi, kabla ya kuhesabu baruti yenyewe, ambayo nayo ni mzigo unaotupwa mbele. Gobore la kilo 3 likipewa goroli ileile kwa mwendo uleule, litakuja begani na jouli 5.5. Sasa rudi kwenye lile la kilo 4, toa goroli, weka risasi ndefu yenye ncha ya gramu 23 itokayo kwa mita 430 kwa sekunde: nishati inafika jouli 12, karibu mara tatu ya ile ya mwanzo. Hesabu hii inaonyesha kwamba aina ya risasi na kiasi cha baruti vinalitawala teke kuliko kitu kingine chochote.

Anza basi na baruti. Wapigaji wengi wa kaliba 50 huanza na greni 50, ambazo ni takribani gramu 3.2 za baruti nyeusi, kisha huongeza greni 5 kwa wakati huku wakitazama namna matundu yanavyokusanyika kwenye shabaha. Yakikusanyika vizuri, hakuna sababu ya kuendelea kupanda, na kwa vyovyote vile kiwango cha juu alichoweka mtengenezaji hakivukwi. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haigeuki gesi bali hubaki masizi na moshi mzito, na kila nyongeza huzaa mwendo mdogo kuliko nyongeza iliyotangulia, wakati teke lenyewe linaendelea kukua. Tumia kipimo maalumu cha ujazo, usikisie kwa kiganja wala kwa kifuniko cha chupa, na usimimine moja kwa moja kutoka kwenye chombo kikubwa cha baruti, kwa kuwa cheche iliyobaki ndani ya mtutu inaweza kukilipua mkononi. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi, ile ya ndani ya risasi za kiwandani, haiingii katika gobore hata kwa kijiko kimoja. Shinikizo lake huupasua mtutu.

Wapo watakaosema kwamba kipimo kidogo hakifai porini. Kwa mwindaji wa Dodoma na Singida hoja hiyo haina uzito mkubwa, kwa sababu vichaka vyetu, hasa vile vizito vya upande wa Itigi na Manyoni, havimpi mtu nafasi ya kupiga mbali. Mnyama huonekana akiwa mita 30, pengine 50, na goroli iliyowekwa mahali pake kwa umbali huo humwangusha swala bila kuhitaji kipimo cha kuvunja bega. Ukiona kwamba mnyama unayemtaka anadai risasi nzito na baruti nyingi kuliko unavyoweza kustahimili bila kufumba macho, tambua kwamba unahitaji bunduki nyingine. Nyati si mnyama wa gobore.

Risasi, iwe goroli au ya ncha, ishindiliwe mpaka ikae juu ya baruti pasipo mwanya. Mwanya kati ya baruti na risasi hauleti nafuu yoyote begani, ila unaweza kuuvimbisha au kuupasua mtutu. Njia rahisi ni kuchora alama kwenye fimbo ya kushindilia, mahali inapokutana na mdomo wa mtutu shehena, yaani baruti na risasi iliyo juu yake, ikiwa imekaa sawa, na kuitazama alama hiyo kila mara. Masizi yakizidi, pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo kati ya mlio mmoja na mwingine.

Baada ya shehena, tazama kitako. Magobore mengi ya mtindo wa zamani yana kitako chembamba chenye bamba la chuma lililopinda kama mwezi mwandamo, na pembe mbili za bamba hilo huchoma nyama hata kwa shehena ya wastani. Kitako kipana na bapa husambaza nguvu ileile kwenye eneo kubwa zaidi, na mpira wa kitako, uwe wa kufungwa kwa skrubu au wa kuvalishwa kama soksi, huongeza muda ambao bega linapokea msukumo. Kumbuka tu kwamba mpira hurefusha kitako. Ukilazimika kunyoosha shingo ili shavu lifike kwenye ubao, teke litakuhama begani na kukupiga shavuni. Fundi anaweza pia kutoboa ndani ya kitako na kujaza madini ya risasi yaliyoyeyushwa ya nusu kilo hivi. Mimi huipenda njia hii kwa anayelenga shabaha uwanjani, lakini anayetembea kutwa nzima kwenye jua la Bahi afikirie mara mbili.

Mkao wa mwili unahitaji kujifunzwa kwa vidole. Inua mkono wa kulia kama unayeshika bunduki, kisha kwa mkono wa kushoto papasa chini ya mtulinga, ule mfupa unaotoka shingoni hadi begani, kuelekea kiungo cha bega: utakuta bonde laini lenye msuli. Hapo ndipo kitako kinapokaa, si juu ya mfupa wa mtulinga na wala si kwenye msuli wa mkono. Kikaze ndani ya bonde hilo, kwa sababu kitako kilicholegea hupata nafasi ya kukimbia kabla ya kugonga. Ukisimama, mguu wa kushoto utangulie, goti lilegee kidogo, na uzito wa mwili uegemee mbele ili kiuno na mgongo virudi pamoja na bunduki. Anayelala chini hana pa kurudi na bega lake hupokea kila kitu, kwa hiyo mazoezi ya shehena nzito yafanyike kwa kusimama au kupiga goti.

Hofu nayo hulikuza teke. Mlio na moshi wa gobore humfanya mtu ashtuke kabla ya baruti kuwaka, na kwenye bunduki ya gumegume, iwashwayo kwa cheche za jiwe, ambayo huchelewa kidogo zaidi kuliko ya fataki, iwashwayo kwa kijikofia cha kulipuka, mshtuko huo hupeleka risasi ardhini. Vaa vizibo vya masikio na miwani, kisha fanya mazoezi ya kuvuta triga gobore likiwa tupu kabisa, bila baruti wala fataki, huku ukiangalia kama mdomo wa mtutu unatikisika. Ikitokea umevuta triga na shehena haikuwaka, endelea kuelekeza mtutu kwenye shabaha kwa dakika moja au zaidi, kwani moto unaweza kuwa unatembea polepole.

Kila ulipobadilisha kipimo, aina ya risasi au kitako, risasi haitaangukia tena pale ilipozoea. Rudi kwenye shabaha ya karatasi, kwanza kwa mita 25 kisha kwa mita 50, ukichagua uwanja usio na nyasi kavu, maana vitambaa vinavyofungwa kuizunguka goroli ndani ya mtutu hutoka vikifuka moshi na kiangazi chetu hakihitaji cheche nyingi. Rekebisha kilengeo hapo, andika kipimo ulichokubali kwenye mfuko wa baruti, na uende porini na kipimo hicho tu.