Titresheni ya pamanganeti: kupata molariti usiyoijua (SOMA YOTE ndio uulize)

Wiki hii pekee nimejibu hili swali mara sita kwa inboksi, so naandika mara moja hapa na atakayeuliza tena namrudisha hapa hapa.

Bureti (mrija wa vipimo wenye koki) iko na pamanganeti 0.02M, yaani moli 0.02 kwa lita, hiyo ndio molariti. Konikali (chupa inayokaa chini ya bureti) iko na chumvi ya chuma, Fe²⁺, hiyo ndio tunatafuta.

1. Suza bureti na pamanganeti, usimalizie na maji.

2. Pipeti 25 cm³ za chuma, ongeza asidi ya salfuriki.

3. Titreti, yaani dondosha pamanganeti kwa chuma mpaka pinki hafifu ikae kama sekunde 30. Indiketa (ya kubadilisha rangi ujue umefika) haihitajiki, na kwa vile pamanganeti ni zambarau nzito soma juu ya meniskasi (ule mkunjo wa juu ya maji), sio chini.

4. Rudia. Zangu: 24.1, 24.0, 23.9 cm³. Avareji 24.0.

5. Moli za pamanganeti: 0.02 × 24.0 ÷ 1000 = 0.00048.

6. Sasa hapa ndipo mimi nilizama kwa mock, ule mtihani wa majaribio.

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5Fe²⁺ → Mn²⁺ + 5Fe³⁺ + 4H₂O

Nilikuwa nimekariri tu "kuna tano mahali" bila kujua ni ya nani, nikagawa. Kwa namba za leo ukigawa utapata 0.00384M badala ya 0.096M, yaani umekosea mara 25 na karatasi inakaa safi kabisa, hakuna kitu kinakushtua. Manganizi inashuka kutoka +7 hadi +2, inameza elektroni tano, na kila chuma inatoa moja tu. Pamanganeti mmoja anamaliza chuma watano. Kwa hivyo moli za chuma LAZIMA ziwe nyingi, ukiona zimepungua rudi nyuma. 0.00048 × 5 = 0.0024.

7. 0.0024 × 1000 ÷ 25 = 0.096M. Wakitaka gramu kwa lita na ni ile chumvi ya chuma na amoniamu (amoniamu feras salfeti) yenye maji sita, zidisha na 392, unapata 37.6.

kondele_fainali: so hiyo tano unazidisha ama unagawa

Mwandishi: Hatua ya 6.

kondele_fainali: si ungejibu tu

Mwandishi: Nimejibu, na nimeaibika mbele ya watu nikijibu. Soma.

nyar_nakuru: Samahani mwalimu, yangu iligeuka kahawia, pinki sikuiona. Halafu mbona isiwe haidrokloriki, labu yetu ndio iko nayo nyingi?

Mwandishi: Maswali mazuri dada. Kahawia ni MnO₂, asidi ilikuwa kidogo kwa hivyo manganizi haikufika +2, mwaga uanze upya. Haidrokloriki nayo, pamanganeti inaila pia, inageuza kloraidi kuwa klorini, so unatumia pamanganeti zaidi na chuma inaonekana nyingi kuliko ilivyo. Naitriki usiguse, hiyo yenyewe ni oksidaiza, inanyang'anya chuma elektroni.

mbale_kemia: na oksaliki?

Mwandishi: Pasha moto kwanza, digrii 60 hadi 70 hivi, ikiwa baridi inaanza polepole sana. Na reshio inabadilika, pamanganeti 2 kwa oksaleti 5. Usibebe tano yangu kila mahali.

nyar_nakuru: Asante sana. Na shati la yunifomu? Nimejimwagia, limebaki doa la kahawia 😩

Mwandishi: Kamulia ndimu, subiri kidogo, suuza. Ni MnO₂ ile ile, ndimu inairudisha Mn²⁺, haina rangi ya kuonekana.

kondele_fainali: nimepata 0.096. ndimu nazo soko la Kibuye zimepanda bei lakini