Jinsi ya kutumia judo na ndondi kuielewa karate yako vizuri zaidi

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye mchezo mmoja anaouita wake, ameufanya miaka kadhaa, na sasa anatamani kuchungulia kwa jirani. Mimi ni wa karate ya Shotokan, hivyo mifano ni ya huko. Wa taekwondo au kung fu atabadilisha majina. Kama kata zako za mwanzo, ile mifululizo ya miondoko iliyopangwa, bado zinakuchanganya, subiri kwanza.

Hatua ya 1: Nenda na swali

Tafuta kitu kimoja unachokifanya kila siku bila kujua kazi yake. Nitatumia hikite, ule mkono unaorudi kiunoni wakati mwingine unapiga ngumi. Wengi tumefundishwa kwamba unaongeza nguvu. Lijaribu jambo hilo kwenye begi la kupigia ngumi: piga mkono mmoja ukiwa kiunoni, kisha piga ukiwa umeuacha kidevuni. Tofauti yoyote utakayoihisi haitoshi kueleza kwa nini kata zimejaa hikite kiasi hicho. Hapo umepata swali. "Nataka kuwa mpiganaji kamili" si swali, na atakayeanza nalo atazunguka kumbi zote bila kurudi na kitu.

Hatua ya 2: Chagua mchezo unaoweza kulijibu

Mkono unaovuta unahitaji kitu cha kuvuta, kwa hiyo nenda judo, ambako watu hushikana nguo pambano zima. Akitokea wa kukuambia unauchafua mtindo, mkumbushe kwamba Jigoro Kano aliijenga judo mwaka 1882 kutokana na shule za jujutsu, sanaa ya kale ya Kijapani ya kukabana na kuangushana, alizosomea. Hironori Ohtsuka naye alikuwa mtu wa jujutsu kabla hajajifunza karate kwa Gichin Funakoshi, mwasisi wa Shotokan, na baadaye kuanzisha mtindo wa karate wa Wado-ryu. Funakoshi mwenyewe alionyesha karate Kodokan, makao ya judo, mwaka 1922, na aliyemkaribisha ni Kano.

Hatua ya 3: Mwage mwalimu wako, kisha vaa mkanda mweupe

Mwambie kabla hajasikia kwa wengine. Ukifika ugenini, usifundishe mtu mateke. Jifunze kuanguka kabla ya kitu kingine chochote: kidevu kifuani, mkono upige mkeka, usijizuie kwa kiganja. Watu wa karate tuna tabia ya kukaza mwili tunapovutwa, na mwili uliokaza huangushwa kirahisi na huumia zaidi.

Mara moja kwa wiki inatosha, mradi mazoezi yako ya nyumbani yasipungue. Yakianza kupungua, umeshahama mtindo, hata kama hujakiri.

Hatua ya 4: Rudi na jibu kwenye kata

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi hukosea. Chukua mwenzako wa karate, avae vazi la mazoezi. Mshike mkono wa nguo karibu na kiwiko, kisha fanya hikite yako kama kwenye kata, taratibu. Usivute kwa bega. Shusha kiwiko, leta mkono kiunoni, geuza nyonga. Mtazame miguu: uzito wake utahamia mguu wa mbele, bega moja litainama, na mkono wake wa pili utakuwa mbali na wewe. Sasa piga ngumi. Inamkuta anakuja.

Ukishaizoea, ongeza mtama. Kwenye karate mara nyingi tunaupiga mguu ambao tayari umekanyaga kwa uzito wote, ndiyo maana tunaishia kuumizana vifundo. Judo wanaufagia wakati uzito ndio kwanza unaingia, kabla mguu haujakaa. Vuta, subiri hatua yake, fagia.

Hatua ya 5: Lipeleke jibu kwa mtu wa kulipinga

Nenda kwa mabondia. Simama mkono mmoja ukiwa kiunoni, mwombe bondia arushe ngumi nyepesi upande huo. Hutahitaji maelezo. Mkono mtupu kiunoni unaacha uso wazi, na anayepiga mfululizo hakupi muda wa kuurudisha.

Kwa hiyo jibu lina pande mbili: judo inakuonyesha hikite inafanya nini ikiwa imeshika kitu, na ndondi inakuonyesha gharama yake ikiwa haijashika. Kwenye mapambano ya mazoezi, mkono wangu usio na kazi unakaa kidevuni. Ukipata nguo au kifundo cha mkono, unarudi kiunoni nacho. Kwenye kata siubadilishi kabisa, ila sasa kila unaporudi najiuliza umeshika nini, na mwendo wa kata hubadilika kwa swali hilo peke yake.

Hatua ya 6: Chagua swali jingine

Usichukue mawili kwa pamoja. Ukikosa la kuanzia, tazama ile mikono inayopishana kifuani kabla ya kukinga chini, na ujiulize kwa nini kinga ianze kwa kurudi nyuma hivyo. Swali hilo nalo litakurudisha judo, na mwenzako wa kulijaribu ni yule yule.