Bata wa Nyumbani Akiumia au Akiugua: Mkague Kwanza, Dawa Baadaye

Katika nyumba nyingi za Arusha na Moshi wapo bata ambao watoto wamekwisha kuwapa majina, na ambao hakuna tena anayewahesabu kuwa kitoweo. Bata wa namna hiyo akianza kuchechemea au kujitenga na wenzake, mwenye nyumba aghalabu hukimbilia duka la dawa za mifugo na kurudi na pakiti ya oksitetrasaiklini, ambayo ni antibiotiki, ilhali mara nyingi chanzo cha tatizo ni kitu ambacho angekiona kwa macho yake iwapo angemshika bata na kumkagua kwa utulivu.

Hata kumshika kuna utaratibu wake. Tumezoea kumning'iniza bata kwa mabawa kama anayepelekwa sokoni, au kumdaka mguu anapokimbia, na kwa kweli bata wengi ninaoletewa kwa kuchechemea wameteguliwa na mikono ya watu wao wenyewe. Msogeze polepole hadi pembeni, umkumbatie kwa mikono miwili juu ya mabawa, kisha umpakate huku kifua chake kikilala juu ya kiganja chako. Kumfunika kichwa kwa kanga nyepesi humtuliza. Usishtuke ukihisi ana joto kali, kwa sababu joto la kawaida la bata ni kati ya nyuzi 41 na 42, na hiyo si homa.

Papasa mfupa wa kidari: ukichomoza kama makali ya kisu, bata huyo amekuwa akikonda kwa muda mrefu kabla hujamwona mgonjwa. Tazama macho na pua, kisha chini ya mkia, ambako nzi hutaga mayai kwenye manyoya yaliyochafuliwa na kinyesi, na funza wakaweza kujitokeza kabla siku haijaisha. Malizia kwa nyayo, na uzioshe kabla ya kuzitazama. Katika nyumba moja maeneo ya Sakina nilionyeshwa jike aliyechechemea kwa wiki mbili na aliyekuwa amekwisha kunyweshwa dawa za aina mbili. Tope lilipotoka kwa maji ya uvuguvugu, ulionekana uzi wa sandarusi uliozunguka kifundo mara tatu na kuzama ndani ya ngozi, kiasi kwamba mwanzoni niliudhani ni mkunjo tu. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mkasi mdogo na maji ya chumvi.

Maji hayo hutengenezwa kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Kidonda kinachovuja damu kibanwe kwanza kwa kitambaa safi kwa dakika 5 hadi 10 bila kufunuafunua, kisha kisafishwe kwa maji ya chumvi na kupakwa iodini ya povidoni (dawa ya kuua vijidudu kwenye vidonda) iliyozimuliwa hadi ifanane na chai ya rangi isiyokolea. Spiriti huunguza nyama mbichi. Oili chafu, ambayo bado inapakwa na watu wengi, huharibu manyoya yasiweze tena kuzuia maji, na bata huimeza anapojisafisha kwa mdomo. Ukikuta kigaga cheusi chini ya wayo uliovimba, hayo ni maambukizi ya bakteria yanayowapata zaidi bata wanaotembea juu ya sakafu ya saruji au kokoto. Loweka wayo katika maji ya chumvi ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15 kila siku, ukaushe, uufunge, na umhamishie bata kwenye maranda makavu. Kukikata kigaga hicho kwa wembe ni kazi ya daktari wa mifugo.

Mgonjwa atengwe katika boksi lililo mahali pakavu, akiwa na mwenzake mmoja anayeonekana karibu, kwani bata aliyeachwa peke yake hususia chakula. Ikiwa kuna dalili za ugonjwa wa kuambukiza, kama vile mafua au kuhara, mwenzake asikae naye wala kutumia chombo chake. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ya Arusha inapobana, mwekee chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa. Jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa, maana hewa yake ya sumu humuua ndege upesi, na binadamu anayelala humo hayuko salama pia.

Maji ya kunywa yawe na kina cha kumwezesha kuzamisha mdomo hadi puani, lakini asiogelee mferejini mpaka kidonda kifunge. Usimmiminie maji kooni, kwa kuwa tundu la hewa liko nyuma kidogo ya ulimi na maji huingia mapafuni kwa urahisi; mchovye ncha ya mdomo tu, anywe mwenyewe. Mpe chakula chake kikiwa kimelowekwa, pamoja na mchicha uliokatwakatwa. Parachichi, ambalo huku kwetu huoza chini ya miti bila mwenyewe, ni sumu kwa ndege. Mahindi au pumba zenye ukungu ni hatari zaidi kwa bata kuliko kwa kuku. Vifaranga vinavyolegea miguu huenda vimekosa niasini, mojawapo ya vitamini B, ambayo bata huihitaji karibu mara mbili ya kuku na ambayo ni vigumu kuipata kwenye mahindi. Mchanganyiko wa vitamini B wa kuweka majini husaidia ukianzwa mapema.

Shingo ikilegea kama kamba, au bata akihema kwa mdomo, au jike akijikamua bila yai kutoka, usisubiri kesho. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Wakifa kadhaa kwa ghafla, msiwachinje wala kuwatupa mferejini, bali mjulisheni afisa mifugo wa kata, kwani Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo hapa Arusha kinachoweza kupima mizoga. Kumbuka pia kwamba bata anaweza kubeba virusi vya mdondo (Newcastle), ugonjwa unaoua kuku, bila kuonyesha dalili, hivyo nawa mikono na ubadilishe viatu kabla ya kuingia banda la kuku.

Aliyetibiwa kwa antibiotiki, mayai yake yasiliwe hadi muda ulioandikwa kwenye dawa upite. Akipona, mrudishe kundini jioni pamoja na yule mwenzake, na umzuie dume kwa siku chache, kwa maana uzito wake juu ya mgongo wa jike aliyeteguka unaweza kuurudisha mguu pale pale ulipokuwa.