Juu inaganda, chini haipoi: kabla hujajaza gesi, tazama barafu

Februari mwaka jana, joto la Tanga likiwa limekolea, mama mmoja wa Chumbageni alinipigia simu. Jioni anakaanga samaki barazani, na wabichi anawaweka kwenye friji ya milango miwili. "Mwanangu, gesi imeisha tena," akaniambia. Hilo "tena" ndilo lililonishtua. Ndani ya miezi 5 alikuwa amejaziwa gesi mara 3, na kila mara friji ilifanya kazi vizuri kama wiki mbili, kisha ikarudi palepale: juu inaganda, chini vuguvugu, maziwa yanachacha, mchicha unanyauka.

Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya jiko. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua ujue kuna mahali panavuja. Friji inayopona wiki mbili na kuugua, ikizimwa siku nzima inapona, kisha inaugua tena, hiyo mara nyingi gesi yake ni nzima. Iliyoharibika ni kazi yake ya kujiyeyushia barafu.

Friji zilizoandikwa No Frost zina barafu, ila imefichwa. Nyuma ya ukuta wa plastiki wa friza kuna koili, yaani bomba la gesi lililokunjwakunjwa, yenye mapezi membamba ya aluminiamu, na feni inayovuta hewa ipite humo: nyingine inabaki juu, nyingine inashuka chini kwa njia yake. Kila ukifungua mlango unyevu unaingia, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Unakwenda kuganda kwenye koili. Kwa hiyo kila baada ya saa kadhaa, kwenye friji nyingi saa 6 hadi 12 za kompresa (mota inayosukuma gesi) kufanya kazi, ubaridi unasimama, hita iliyo chini ya koili inawaka dakika 20 hadi 30, barafu inayeyuka, maji yanapita kwenye tundu na kushuka mpaka trei iliyo juu ya kompresa, ambako joto linayakausha. Kazi hii isipofanyika, barafu inaziba mapezi na hewa haipiti. Friza iko jirani na koili, kwa hiyo inahimili siku kadhaa. Chini, kunakongoja hewa iletwe, ndiko kunakoharibika kwanza.

Sasa fikiria fundi anakuja, anazima friji, anatoboa bomba, anavuta hewa, anajaza gesi. Muda wote huo mlango uko wazi na barafu inayeyuka. Anawasha, friji inapoa, sifa zote zinakwenda kwa gesi. Mama huyu alilipia kuyeyushiwa barafu mara 3 kwa bei ya gesi. Na bomba la friji yake lilibaki na valvu mbili za kutobolea, zile zinazobanwa kwenye bomba ili gesi ipitishwe, moja ikiwa na utelezi wa mafuta pembeni, maana yake sasa ilikuwa inavuja kweli. Linaniuma sana jambo hili, kwa sababu uchunguzi wake hauhitaji zaidi ya bisibisi na subira.

Anza kwa masikio. Fungua friza, bonyeza swichi ya mlango kwa kidole ili feni izunguke. Ukisikia mkwaruzo, mapanga yanagonga barafu. Ukisikia kimya huku kompresa inafanya kazi, huenda feni imeganda au imekufa. Tazama ukuta wa nyuma: ukiwa na theluji juu yake au umevimba kidogo, jibu unalo. Kisha jiulize kama kompresa inapumzika. Friji iliyozibwa na barafu hunguruma usiku kucha, na Luku inakwenda mbio.

Chomoa waya ukutani. Si kuzima swichi tu, chomoa. Toa droo, fungua skrubu za ukuta wa nyuma na uuvute taratibu. Ukiwa umegandamana na barafu usiulazimishe, mwagia maji ya uvuguvugu pembeni mpaka uachie. Hapo soma koili kama unavyosoma uso wa mtu. Barafu nene nyeupe imeifunika yote, juu hadi chini: kuyeyusha ndiko kumekufa. Barafu iko kipande tu, mahali gesi inapoingilia, na kwingine pakavu: hapo gesi kweli ina upungufu, na kazi hiyo ni ya fundi mwenye pampu na mzani. Picha hizi mbili zingemwokoa yule mama. Piga picha kwa simu kabla ya kuyeyusha, kwa sababu barafu ikishaondoka ushahidi umeondoka nayo.

Kama friji ni ya zamani yenye taima ya kuzunguka, ile inayopanga saa za kuyeyusha barafu, usiyeyushe bado. Taima ni kiboksi kidogo chenye kishina cha plastiki kilichochongwa mfereji, kiko chini nyuma karibu na kompresa au ndani ya boksi la kitufe cha kurekebishia ubaridi. Washa friji, ingiza bisibisi bapa kwenye mfereji, zungusha kuelekea mkono wa saa, taratibu, mpaka usikie "ta!" na kompresa inyamaze. Subiri dakika chache, ukisikiliza. Hita ikiwa nzima utasikia maji yakidondokea kitu cha moto, "tsss, tsss". Ukiisikia, hita ni nzima na thamostati yake, kidude kinachoizima koili ikipata joto, ni nzima. Mshukiwa ni taima isiyozunguka yenyewe. Hakikisha hivi: chora alama kwa kalamu kwenye kishina na ukingo wake, rudi baada ya kompresa kufanya kazi saa 3 au 4. Alama zikiwa bado zinatazamana, badilisha taima. Lakini usipoisikia hita, chomoa tena uingie ndani.

Kuyeyusha: bakuli la maji ya moto ndani ya friza, mataulo chini, feni ya mezani ikipuliza kwa mbele. Usichokonoe kwa kisu wala bisibisi. Nimezika friji nyingi zilizotobolewa koili kwa kisu cha jikoni, na nyingi za siku hizi zina gesi ya R600a, ambayo inawaka moto. Angalia lebo kwenye kompresa, utaona alama ya mwali. Kwa hiyo mshumaa, jiko la mkaa na tochi ya gesi visisogee hapo. Acha milango wazi saa 24, kwa sababu barafu inajificha pia kwenye njia ya hewa inayoshuka chini.

Waya ukiwa bado umechomolewa, chukua mita ya kupimia umeme na upime hita baada ya kuchomoa plagi yake. Hesabu ni rahisi: volti za umeme wetu, 230 mara 230, gawanya kwa wati zilizoandikwa. Hita ya wati 150 itasoma karibu omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 350, ya wati 200 karibu 265. Mita isiposoma chochote, hita imekatika. Hita za kioo ukiona weusi ndani ya bomba au ufa, usihangaike kupima.

Friji nyingi zina fyuzi ya joto, kadude cha plastiki kwenye nyaya karibu na koili. Nzima inasoma karibu sifuri. Ikiungua hairudi, inabadilishwa, na lazima ujue kwa nini iliungua. Kuna watu wanaunganisha waya moja kwa moja kuiruka. Tafadhali usifanye hivyo. Fyuzi ile ndiyo inayozuia hita iliyogoma kuzima isiyeyushe plastiki na kuchoma nyumba.

Thamostati ya koili ndiyo inayowaponza wengi. Ni kidude cha duara kama sarafu, kimebanwa kwenye bomba la koili. Ukikipima juu ya meza kwenye joto la Tanga, mita haisomi kitu, na fundi anakitupa. Lakini ndivyo kinavyotakiwa kuwa! Kinafunga njia ya umeme kikiwa kimepoa digrii kadhaa chini ya sifuri, na kinaachia koili ikishapata joto. Kifunge kwenye mfuko wa nailoni, kiweke kwenye friza ya jirani saa nzima, kisha kipime haraka kabla hakijapata joto. Kisiposoma hapo, ndipo kimekufa.

Friji za bodi ya elektroniki hazina taima. Zina sensa ya kupima ubaridi, kikonyo kidogo chenye nyaya mbili. Ipime ikiwa kavu, kisha itumbukize kwenye glasi ya maji yenye barafu. Omu zinatakiwa kupanda taratibu bila kurukaruka. Sensa ni ya bei nafuu kuliko bodi, kwa hiyo bodi iwe ya mwisho kushukiwa, baada ya hita, fyuzi na sensa kuthibitika ni nzima.

Kwa yule mama, hita ilisoma 270, fyuzi nzima, thamostati baada ya kulala kwenye friza ya jirani nayo nzima. Kosa lilikuwa kibanio. Kilikuwa kimeachia, kidude kinaning'inia hewani vidole viwili kutoka kwenye bomba. Hita ikiwaka, hewa ya moto inapanda na kukigusa kwanza, kinakata umeme mapema huku koili bado ina barafu. Nilikibana mahali pake kwa kibanio kipya. Kazi kubwa ilikuwa ile valvu iliyovuja: tuliondoa zote mbili, tukalehemu, gesi ikapimwa kwa mzani gramu zilezile za kwenye lebo.

Kabla ya kurudisha ukuta, mimina kikombe cha maji ya uvuguvugu kwenye tundu la chini ya koili. Yasiposhuka kwenye trei, sukuma kwa bomba la sindano mpaka yapite. Tundu la mama lilijaa magamba ya samaki. Kisha bana noti ya shilingi 1,000 mlangoni na uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka, na unyevu utaingia kuliko hita inavyoweza kuyeyusha.

Washa, acha friji tupu hadi kesho yake, halafu rudisha vitu. Usijaze mpaka ukutani, hewa inahitaji kupita. Baada ya siku 10 bonyeza tena swichi ya mlango usikilize feni. Nilimwambia mama afanye hivyo na anipigie. Alinipigia siku ya 11, feni ikasikika ndani ya simu ikivuma bila mkwaruzo.