Kabla ya kuruhusu maji ya chumvi yaingie kwenye bwawa la majitaka

Jua kwanza maji hayo yanatoka wapi na yanakuja siku gani. Nunua mita ya kupima chumvi, upime asubuhi na jioni, uandike. Kama maji hayo yanatoka kwenye ngozi za wanyama zilizotiwa chumvi, zikung'utwe chumvi kavu kabla ya kulowekwa.

Halafu jenga tangi la kuyashikilia maji ya chumvi, uyaachie kidogo kidogo. Usianze kazi bila tangi hilo. Mimi nilianza bila.

Nilisimamia mabwawa matatu ya ghala la ngozi upande wa Kasese, Uganda. Bwawa lenye afya huwa kijani: mchana mwani, vimea vidogo vya majini, hutoa oksijeni, bakteria huitumia kula uchafu, kisha huurudishia mwani kaboni dioksidi. Wanalishana. Jumatatu moja tuliloweka ngozi za wiki tatu kwa mpigo, na maji yote yakaenda bwawani. Chumvi ikizidi ghafla, huvuta maji kutoka ndani ya vijidudu, navyo hunyauka. Bakteria wanaogeuza amonia hulegea mapema. Siku ya pili kijani kilififia, ya nne maji yakawa kahawia, kufikia Jumapili yalikuwa ya waridi, yananuka mayai viza. Chumvi yetu ilitoka ziwa la chumvi la Katwe, nayo ina salfeti (chumvi yenye salfa) na magadi ndani yake. Oksijeni ilipoisha, bakteria wa kwenye tope waligeuza salfeti ile kuwa gesi ya salfaidi, sumu iliyomalizia mwani uliobaki. Mama mmoja jirani alikuja na mtoto mgongoni, akaniuliza, "Baba, mnatupikia nini huku?" Nilikosa la kumjibu, na mpaka leo swali lile linaniuma.

Tulifunga mfereji, tukasomba maji ya kijani kutoka bwawa lililopona, tukangoja. Zilipita karibu wiki sita.

Kwa hiyo ongeza chumvi ngazi kwa ngazi. Chumvi ikifika gramu 10 kwa lita, chini ya theluthi ya chumvi ya bahari, mabwawa mengi ambayo hayajazoea hutaabika. Lakini hata kiasi kidogo kikija ghafla kinadhuru. Vijidudu huzoea ukiongeza wiki kwa wiki. Vikishazoea, usivimwagie maji yasiyo na chumvi kwa wingi, kwa hayo navyo hushtuka.

Maabara uwaambie mapema kwamba maji yana chumvi, maana kloridi hupotosha kipimo cha uchafu. Kiangazi pima zaidi: maji huvukizwa, chumvi inabaki. Na bwawa haliondoi chumvi. Ulichoingiza ndicho kitakachofika kwenye mafunjo na kwenye visima vya watu.

Valvu ziwe na alama. Zamu ya usiku apewe aliyeonyeshwa kazi. Mtu asiingie kwenye shimo la majitaka peke yake, hata kama harufu imekatika, kwa sababu gesi ile ya salfaidi ikizidi pua haiisikii tena. Mvua ikianza, kagua kingo.