Kabla ya kutengeneza gemu kuhusu afya ya akili: namna ya kuzisoma gemu za wengine

Gemu yetu ya kwanza kuhusu afya ya akili tuliitengeneza kwa wiki tatu, wanafunzi wanne na mimi, katika chumba kimoja cha Kampemba, mtaa wa Lubumbashi huku Kongo, chenye laptopu mbili na waya mmoja wa umeme uliopita dirishani. Ilikuwa na dada aliyejifungia chumbani. Mchezaji alikuwa kaka yake. Ukichagua maneno matatu mazuri, dada anafungua mlango, anatoka, anakula bukari (ugali) pamoja na wengine, gemu inaisha. Tulijivunia sana. Tukawapa wenzetu waijaribu. Kijana mmoja alicheza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, akaniuliza: "Sasa mukubwa, yaya yangu (ndugu yangu mkubwa) eko nyumbani mwaka wa pili. Njo kusema mimi sikumwambia neno ya sawasawa?"

Sikuwa na la kumjibu. Kumbe wengine walishahangaika na swali hilohilo miaka mingi kabla yetu, na gemu zao zipo, nyingine za bure. Hatukuzifungua hata moja. Mwongozo huu ni wa kazi ile tuliyoiruka.

Ninazungumzia riwaya za picha, yaani gemu za kusoma: nyuma kuna picha ya mahali, mbele sura ya mhusika, chini kisanduku cha maandishi, na mara mojamoja machaguo. Wanafunzi huzipenda kwa sababu hazidai mashine yenye nguvu. Ren'Py, programu ya bure aliyoianzisha Tom Rothamel mwaka 2004, inakubali hata laptopu iliyokwisha choka.

Hatua ya 1: Andika swali moja juu ya daftari

Usiandike "nataka kujua kuhusu depresyo". Hiyo ni mada ya kozi, haitakusaidia ukiwa mbele ya skrini. Andika hivi: *Katika gemu hii, mkono wa mchezaji unaweza nini, na hauwezi nini?* Kila kitu kinachofuata kinalitumikia swali hilo.

Hatua ya 2: Chagua nne, basi

Ingia vndb.org, hifadhi kubwa ya habari za riwaya za picha. Unaweza kuchuja kwa mada na kwa urefu. Anza na zile za chini ya saa 2. Kwenye tovuti ya itch.io utapata nyingi za wanafunzi kama wewe, za bure, na mbovu kati yake zinafundisha vilevile. Pakua usiku ambapo mega za intaneti ni rahisi, weka kwenye flashi, mpitishiane.

Nyingi ni za Kiingereza. Sisi tulicheza wawiliwawili, anayekijua akimsomea mwenzake kwa Swahili yetu. Inachosha, lakini ina faida ambayo sikuitarajia: ukilazimika kumtafsiria mtu sentensi ya mgonjwa kwa sauti, unasikia mara moja kama ni mtu anayesema au ni kitabu cha dawa.

Hatua ya 3: Cheza mara tatu

Mara ya kwanza cheza kama mtu tu. Daftari lifunge.

Mara ya pili, kwa kila chaguo andika mambo manne, kila moja kwenye safu yake: maneno ya chaguo lenyewe, wewe ulitaka nini ulipolibonyeza, kilitokea nini, na nani alibadilika. Safu ya mwisho ndiyo muhimu. Mara nyingi utakuta aliyebadilika ni mchezaji, na mgonjwa yuko palepale.

Mara ya tatu chagua vibaya makusudi. Kuwa mkali, kimbia, nyamaza. Angalia gemu inakuadhibu vipi, na kama adhabu yenyewe inaangukia kwako au kwa mgonjwa.

Gemu nyingi za Ren'Py zina funguo zilezile: H inaficha kisanduku cha maandishi uone picha vizuri, S inapiga picha ya skrini, Ctrl inaruka maandishi uliyokwisha soma, na gurudumu la panya linakurudisha nyuma. Hilo la kurudi nyuma litafakari. Mchezaji amemwambia rafiki yake mgonjwa neno baya, anazungusha gurudumu, neno limefutika. Je, unataka hivyo? Ren'Py inaruhusu kuzuia kurudi nyuma mahali unapotaka. Mimi nazuia mara moja tu katika gemu nzima. Ukizuia kila mahali mchezaji anakasirika, na hasira yake haihusiani tena na hadithi.

Hatua ya 4: Tazama machaguo yanavyobeba ugonjwa

Hapa ndipo utakaa siku nyingi. Nitataja zile zilizonifaa mimi.

*Depression Quest* ya Zoë Quinn ilitoka mwaka 2013. Haina picha za kutosha kuitwa riwaya ya picha kwa ukali wa neno, ni maandishi zaidi, lakini inafunguka ndani ya kivinjari na ni ya bure. Unaonyeshwa machaguo yote, hata lile ambalo mtu mzima wa afya angelichukua bila kufikiri, ila limepigwa mstari mwekundu na halibonyezeki. Unaliona, huwezi kulishika. Hali ikizidi kuwa mbaya, mistari inaongezeka. Nilipoiona hiyo nikaelewa kwa nini wale wanaomwambia mgonjwa "amuka tu, toka nje" wanamchosha: chaguo analijua, liko mbele yake, limepigwa mstari.

*Doki Doki Literature Club!* ya mwaka 2017 nayo ni ya bure. Kabla ya kuanza inakuonya na kutaka ukubali. Soma onyo hilo kweli, na kama wewe mwenyewe unapita kipindi kibaya, iache, mwenzako atakueleza. Ndani yake kuna Sayori, msichana wa kucheka na kutania, ambaye siku moja anakiri anavyoishi na giza. Baadaye unapewa majibu mawili. Lolote utakalochagua, halimwokoi. Hiyo nusu ni ya kujifunza: ugonjwa si mtihani wenye jibu sahihi. Nusu ya pili, pale gemu inapokitumia kifo kumshtua mchezaji kwa picha ya wazi, usiichukue. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watu wa filamu na jukwaa kuhusu kujiua, na mojawapo ya mashauri yake ni kutoonyesha namna kitendo kinavyofanyika. Gemu ya wanafunzi haina sababu ya kuwa na uhuru zaidi ya filamu.

*Katawa Shoujo*, mwaka 2012, iliyoundwa na watu wa kujitolea waliokutana kwenye intaneti, ni ndefu na ina matukio ya wakubwa. Yazime kwenye mipangilio kabla ya kuanza. Fuata njia ya Hanako peke yake. Ana makovu ya moto na anaogopa watu. Mchezaji anayemlinda kupita kiasi, anayemfanya yai, ndiye anayefika mwisho mbaya: Hanako analipuka kwa hasira kwa kufanywa mtoto asiyejiweza. Ile gemu yetu ya dada na mlango ingepata aibu mbele yake.

Ya nne ni *Eliza*, mwaka 2019, hii ya kulipia. Mhusika, Evelyn, anakaa mbele ya wagonjwa akiwasomea maneno ambayo kompyuta inamwandikia. Kwenye mazungumzo hayo, kwa sehemu kubwa ya gemu, unabonyeza tu kinacholetwa. Chaguo moja. Kuna unyonge wa ajabu katika kubonyeza chaguo moja mbele ya mtu anayelia. Jina limetoka kwenye programu ya Joseph Weizenbaum ya mwaka 1966, iliyoiga mazungumzo ya mtaalamu na mgonjwa.

Hatua ya 5: Kusanya maneno ya hapa

Baadhi ya gemu hizo zina mtu anayekwenda kwa mtaalamu, anakaa kwenye kiti, anaongea. Ukizinakili utapata Lubumbashi ambayo haipo. Chukua kurasa mbili za daftari uandike watu wa kwenu wanasemaje. Vitabu vya Tanzania vinaiita depresyo "sonona". Sijawahi kulisikia hapa mjini, si mtaa wa Katuba wala mtaa wa Kenya. Nasikia "niko na mawazo mingi", "roho inachoka". Nasikia "banamuloga". Nasikia "tumupeleke kwa pasta". Na ukimwuliza mtu habari, anakujibu "njo vile" (ndivyo hivyo), akacheka kidogo, mazungumzo yakafungwa hapo.

Hilo "njo vile" ni chaguo tayari la gemu. Shangazi anauliza, "Uko namna gani?" Mchezaji anaona majibu matatu, mawili yamepigwa mstari, limebaki hilo. Huhitaji kueleza zaidi.

Usimchore pasta wala bibi kama adui. Wagonjwa wengine huletwa hospitali na watu hao hao.

Hatua ya 6: Tafuta mtaalamu mapema

Usiende kuwahoji wagonjwa. Wewe si mwuguzi, na mtu akianza kulia mbele yako hutajua pa kushika. Zungumza na wanaowahudumia: Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha saikolojia, na mjini kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain. Andika barua fupi, omba dakika 30, nenda na maswali matano yaliyotoka kwenye safu zako nne. Waonyeshe picha za skrini ulizopiga. Mwanasaikolojia mmoja aliitazama mistari myekundu ile kwa muda mrefu kuliko alivyotazama barua yangu, na tangu hapo mazungumzo yakawa mepesi.

Mwulize pia mchezaji akiguswa vibaya aende wapi, na uweke jibu ndani ya gemu, mahali panapofikika wakati wowote, si mwishoni tu. Anayehitaji hatafika mwishoni.

Hatua ya 7: Ukurasa mmoja

Andika: mchezaji ni nani, mkono wake unaweza nini, hauwezi nini, nini hatutaonyesha. Ongeza hesabu: msomaji wa kawaida humaliza kama maneno 200 kwa dakika, basi gemu ya dakika 20 ni maneno 4,000 kabla hujaanza kutawanya matawi. Wengi hupunguza ndoto yao hapo.

Kwenye ukurasa wa gemu yetu ya pili, mlango wa dada una machaguo matatu: kugonga, kukaa chini nje, kwenda shule. Hakuna linaloufungua. Unafunguka siku ya tisa, mchezaji akiwa shuleni, na anakuta sahani imetumika. Mwanasaikolojia aliusoma, akakata mstari mmoja, akaturudishia. Anayechora alikuwa amekwisha chora mlango, tukamwomba asubiri.